Kiwiko, Bega na Gongo: Jinsi Wasichana Walivyofundishwa Kupiga Softiboli

"Inua kiwiko!" Ukipita kwenye kiwanja chochote cha softiboli ya wasichana hapa Minnesota, Jumamosi ya mwezi wa sita, utaisikia amri hiyo ikitoka nyuma ya uzio wa waya. Baba anaitoa, babu anaitoa, hata shangazi aliyekuja kumtazama mtoto kwa mara ya kwanza anaitoa, maana ndiyo amri pekee aliyowahi kuisikia. Mtoto wa miaka tisa anakipandisha kiwiko cha mkono wa nyuma mpaka usawa wa sikio, bega linakaza, mpira unapita, mdakaji anaupokea. Mimi ni kocha wa kujitolea wa wasichana wa umri huo tangu binti yangu alipoanza kucheza, na amri ile imenifanya nitake kujua ilikotoka. Nani aliamua kwamba mkono wa mtoto wa kike ukae hivi au vile anaposhika gongo? Nimesoma, nimeuliza wazee wa mchezo huu, nimetazama picha za zamani. Ninachokiona ni kwamba kwa muda mrefu sana waliotoa maelekezo hawakuwa wakiwatazama wasichana wenyewe.

Mchezo ulizaliwa ndani ya nyumba. Siku ya Shukrani ya mwaka 1887, wanaume waliokusanyika katika Farragut Boat Club jijini Chicago walikuwa wakisubiri matokeo ya mechi kati ya Yale na Harvard. Ilipofika habari kwamba Yale wameshinda, mmoja akarusha glavu ya ndondi kwa furaha, mwenzake akaipiga kwa fimbo. George Hancock, mwandishi wa habari aliyekuwepo, akaifunga ile glavu kwa kamba zake ikawa mpira, akachora mistari sakafuni, wakacheza jioni ileile. Mpira ulikuwa mkubwa na laini, ukumbi ulikuwa mdogo, na mtu hakuwa na sababu ya kuzungusha mwili mzima. Mikono ilitosha.

Mwaka huohuo wa 1887, Eadweard Muybridge alichapisha mkusanyiko wake mkubwa wa picha za viumbe wakitembea, wakiruka na wakifanya kazi, zilizopigwa Philadelphia kwa kamera nyingi zilizopangwa mstari. Miongoni mwao yumo mpigaji wa besiboli, picha baada ya picha, tangu gongo likiwa nyuma ya bega mpaka linapopita mbele. Ushahidi wa namna mwili unavyopiga ulikuwepo basi tangu siku ambayo softiboli ilianza. Ilichukua karibu karne nzima kabla makocha wa mtaani hawajaanza kuutazama ushahidi wa aina hiyo kwa makini.

Hapa kwetu Minneapolis mchezo ulifika mapema. Mwaka 1895 Lewis Rober, mtu wa zimamoto, aliwapangia wenzake mchezo wa aina hiyo katika kiwanja kitupu karibu na kituo chao, wapate mazoezi wakati wa kusubiri kengele. Kila mji uliupa jina lake, kila mji ulikuwa na ukubwa wake wa mpira, mpaka mwaka 1926 Walter Hakanson wa YMCA ya Denver alipopendekeza jina la softiboli. Mwaka 1933 yalifanyika mashindano ya kitaifa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na wanawake walikuwemo. Ningependa hilo likumbukwe, kwa sababu huwa inasemwa kana kwamba wanawake waliingia baadaye kwa hisani.

Walikuwepo, tena kwa wingi. Ndiyo maana mwaka 1943 Philip Wrigley, mwenye timu ya Chicago Cubs, alipotaka kuanzisha ligi ya wanawake ya kulipwa wakati wanaume wako vitani, alikwenda kuwatafuta kwenye viwanja vya softiboli. Ligi ile ilianza kwa mpira wa mzingo wa inchi 12, kama sentimita 30, uliorushwa kutoka chini. Mwaka hadi mwaka mpira ulipunguzwa na mrushaji akasogezwa nyuma, na mwaka 1948 urushaji ukawa wa juu ya bega, kama wa besiboli. Wanawake walewale ikawabidi wajifunze upya kupiga, kwani mpira unaotoka juu ya bega na mpira unaotoka kando ya nyonga haipigwi kwa mafunzo ya aina moja. Ligi ilikufa mwaka 1954. Ujuzi wao ulibaki vichwani mwao na haukufika kwenye vitabu ambavyo makocha wa watoto walikuja kuvisoma baadaye. Hasara hiyo mimi naiona kubwa.

Sasa nikae kidogo kwa Joan Joyce.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika uwanja wa mji wa Waterbury, Connecticut, maelfu ya watu walikuja kwenye mchezo wa hisani kumwona Ted Williams akipiga. Williams alikuwa ametoka kustaafu mwaka 1960 baada ya kuichezea Boston Red Sox maisha yake yote. Mwaka 1941 alipiga kwa wastani wa .406 (kipimo cha mipigo iliyofanikiwa kwa kila zamu ya kupiga), na tangu hapo hakuna aliyefika .400 kwa msimu mzima katika American League wala National League. Aliyesimama kumrushia alikuwa binti wa hapohapo Waterbury, Joan Joyce, aliyetoka kwenye Raybestos Brakettes, timu ya kiwanda iliyokuwa Stratford. Umbali ulikuwa kama mita 12. Mkono wa Joyce ulipita kando ya nyonga na mpira ukatoka chini, ukaja kwa kasi, ukipanda. Williams aliugusa kidogo tu. Mingi ilimpita, na Joyce akamtoa.

Watu husimulia kisa hiki kama maajabu ya siku moja. Kwangu mimi ni somo la upigaji ambalo halikusikilizwa. Mwaka 1970 Williams alitoa kitabu chake kuhusu sayansi ya kupiga, na ni kitabu kizuri: kinasema nyonga zitangulie na mikono ifuate, na kwamba gongo lipande kidogo linapokutana na mpira. Sababu yake ilikuwa wazi. Mrushaji wa besiboli husimama juu ya kichuguu, mkono wake uko juu ya bega, kwa hiyo mpira unashuka. Gongo likipanda kidogo linakaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi. Softiboli haina kichuguu. Mpira unaachiwa usawa wa nyonga, unakuja karibu na mlalo, na ule wa kupanda unazungushwa kinyumenyume hivi kwamba unaanguka kidogo sana kuliko jicho linavyotarajia. Mpigaji anapita chini yake. Bega la nyuma likishuka mapema, gongo linafika pale ambapo mpira ulikuwa unatarajiwa, na mpira uko juu yake. Ndilo lililomkuta bwana mkubwa yule Waterbury. Hata hivyo kitabu chake ndicho kilichowekwa mikononi mwa baadhi ya akina baba waliokuja kufundisha mabinti.

Nao walikuja ghafla. Mwaka 1972 sheria inayoitwa Title IX ilikataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia, na michezo ikiwemo. Huko Hoboken, New Jersey, msichana Maria Pepe alicheza mechi chache za Little League mwaka huo kabla ya kuondolewa kwa sababu ni msichana. Kesi ikaenda mbele, na mwaka 1974 mlango ukafunguliwa. Mwaka huohuo wa 1974 Little League ikaanzisha programu ya softiboli kwa wasichana. Ghafla kukawa na timu za watoto kila kitongoji na hapakuwa na makocha. Wanawake waliokuwa wamecheza kwenye ligi za viwandani walikuwa wachache na hawakuombwa vya kutosha. Aliyepatikana ni baba aliyewahi kucheza besiboli shuleni. Alichokuja nacho ni kile alichokumbuka: inua kiwiko, rusha mikono kwenye mpira, piga kuelekea chini, geuza viganja.

Siwabezi akina baba hao. Bila wao binti zetu wasingekuwa na viwanja hivi. Na baadhi ya amri zao zilikuwa na akili yake. Mzee mmoja katika ligi yetu, aliyecheza softiboli ya kasi ujanani, alinieleza kwa subira kwamba kupiga kuelekea chini kulikuwa silaha. Kituo cha kwanza kiko mita 18 tu kutoka mpigaji. Mpira ukigonga ardhi ngumu na kuruka, mdakaji wa ndani ana muda mdogo mno wa kuudaka na kuurusha. Kwa kushika gongo juu ya mpira, mpigaji alijilinda pia na ule mpira wa kupanda. Kutokana na fikra hiyo ulikua ufundi wa wapigaji wa mkono wa kushoto wanaoanza kukimbia kabla gongo halijagusa mpira, wakiuchapa kidogo tu kuelekea upande wa kushoto wa uwanja. Ni ufundi mzuri na ningali nawafundisha wale wenye miguu myepesi. Lakini ulipofanywa sheria ya kila mtoto, wasichana wenye nguvu walifundishwa kutozitumia.

Amri ya kugeuza viganja ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa ni uongo mtupu wa macho. Mtu akitazama mpigaji kwa kasi ya kawaida anaona mwishoni kiganja cha juu kimelala juu ya cha chini, basi anafikiri mkono umejigeuza wakati wa kupiga. Ukiitazama video kwa mwendo wa polepole unaona kwamba gongo linapokutana na mpira, kiganja cha mkono wa nyuma kimeelekea juu na cha mkono wa mbele kimeelekea chini. Kugeuka kunakuja baada ya mpira kuondoka. Mtoto anayefundishwa kugeuza mapema huuchapa mpira ardhini upande uleule kila mara, na kocha hushangaa kwa nini.

Kati ya wanaume waliofundisha upigaji kwa kutegemea filamu, Charley Lau ana nafasi yake. Alikuwa mdakaji mwenye wastani wa .255, si mchezaji wa kutisha, kisha akawa kocha wa wapigaji wa Kansas City Royals miaka ya 1970. George Brett, mwanafunzi wake mashuhuri, alimaliza msimu wa 1980 akiwa na .390. Lau alifundisha kuhamisha uzito kwenda mbele, kunyoosha mikono kupita mpira, na wapigaji wake wengi waliachia mkono wa juu baada ya kupiga. Picha ya mkono ule mmoja uliobaki na gongo angani ilipendeza, ikaigwa mpaka kwenye viwanja vya watoto. Mtu mzima mwenye mkono wa Brett anaachia baada ya mpira kuondoka. Msichana wa miaka kumi huachia mapema, gongo likiwa bado halijafika, na nguvu inayokusudiwa mpira inapotelea hewani. Nawaambia wangu washike gongo kwa mikono miwili mpaka lizunguke nyuma ya bega.

Kilichotatua ugomvi wa shule hizi mbili, ya Williams na ya Lau, ni vipimo. Mwaka 1995 kikundi cha watafiti kilichapisha vipimo vya wapigaji wa besiboli wa kulipwa vilivyochukuliwa kwa kamera za pande kadhaa. Nyonga zilifika kasi ya digrii 714 kwa sekunde, kisha mabega yakafika digrii 937, na gongo likafika mita 31 kwa sekunde. Mpangilio ndio wenye maana hapa: cha chini kinatangulia, kinapunguza mwendo, na kilicho juu yake kinapokea kasi na kuiongeza. Anayekung'uta mkeka anajua jambo hilo bila kupimwa, kwa kuwa mkono wake ukisimama ndipo ncha ya mkeka inapochapa. Mikono ya mpigaji haianzishi chochote. Inapokea. Ukimwambia mtoto arushe mikono kwenye mpira, umeukata mnyororo huo katikati.

Waliopimwa walikuwa wanaume, na softiboli ya wanawake ilikuwa ikitoa ushahidi wake yenyewe. Msimu uleule wa 1995, Laura Espinoza wa Chuo Kikuu cha Arizona alipiga mikimbio 37 ya kutoka nje ya uwanja (home run), chini ya kocha Mike Candrea. Mchezo wa vyuo ulikuwa umeshabadilika: mrushaji alikuwa amesogezwa kutoka futi 40 hadi 43, yaani mita 13.1, mpira mweupe ukawa wa manjano ya kung'aa ili uonekane, na magongo ya metali yalikuwa yameondoa yale ya mbao. Candrea aliiongoza Marekani kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na timu ile ikashinda mechi zote 9 kwa jumla ya 51 kwa 1. Mpigaji wao mkubwa, Crystl Bustos, alisimama kwa utulivu, kiwiko cha nyuma kimelegea, kisha mwili wote ukageuka kwa pamoja. Wasichana wa siku zile walimwona kwenye runinga. Alikuwa mwanamke, anapiga softiboli, na hakuwa akipiga kuelekea chini.

Baada yake rekodi zimeanguka moja baada ya nyingine. Lauren Chamberlain wa Oklahoma alimaliza chuo mwaka 2015 akiwa na mikimbio 95 ya nje. Jocelyn Alo, msichana wa Hawaii aliyechezea chuo hichohicho, alimaliza mwaka 2022 akiwa na 122. Nikiwawekea wachezaji wangu video ya Alo, nawaomba watazame kidevu chake. Anapoanza, kiko karibu na bega la mbele. Anapomaliza, kiko juu ya bega la nyuma. Kichwa hakikuondoka, mabega ndiyo yaliyopita chini yake. Watoto wanalielewa hilo mara moja, na wanaweza kulifanya bila gongo wakiwa wamesimama mbele ya kioo nyumbani.

Je, kile kiwiko? Kukiinua hakukuwa upuuzi. Mpigaji mkubwa hukiinua kidogo ili kombe la bega la nyuma lijikunje kuelekea uti wa mgongo, kisha mwili unapogeuka kiwiko kinashuka karibu na mbavu na kuvutwa na kiwiliwili. Kupanda kwake ni sehemu ya mwendo. Aliyeona picha iliyosimama gazetini aliona kiwiko kiko juu, akadhani ndiyo nguvu yenyewe, akamwamuru mtoto akiweke juu na kukiacha huko. Mtoto mwenye bega dogo akikibana juu, safari ya kukishusha inakuwa ndefu, naye hana muda. Mpira wa kilomita 105 kwa saa kutoka mita 13 unafika kwa chini ya nusu sekunde. Wasichana wangu wanarushiwa taratibu zaidi, lakini kutoka futi 35 tu, mita 10 na ushei. Kwa hiyo nawaambia walegeze. Kiwiko kikae pale kinapokaa mtu anapobeba ndoo, kisha nageukia kifua chao.

Kuna zoezi moja la zamani nililoliacha kabisa. Mtoto husimama mbele ya uzio, urefu wa gongo moja, na kuambiwa azungushe bila kugonga waya. Lilikusudiwa kumzuia asipeleke mikono mbali na mwili. Watoto ni werevu: wanavuta kitako cha gongo mbele kwa mikono, kifua kimesimama, uzio hauguswi na kocha anafurahi. Wamejifunza kukwepa uzio. Badala yake nawapa gongo walikumbatie kifuani kwa mikono iliyopishana, wageuke mpaka ncha yake imtazame mrushaji, na kwa mpira wa chini wainamishe kifua ili bega la nyuma liwe chini ya la mbele. Kwa mpira wa juu mabega yabaki karibu usawa. Hapo ndipo Williams na Joyce wanapokutana katika somo moja, maana pembe ya gongo inatoka kwenye kifua, na kifua kinafuata urefu wa mpira.

Zoezi la mkono mmoja limedumu kwa vizazi na nalitetea. Shuleni Mombasa tulicheza raunda, na kigongo cha raunda ni kifupi, unakishika kwa mkono mmoja. Yeyote aliyecheza vizuri aligundua kwamba mkono peke yake haufikishi mpira mbali; ni lazima bega na mbavu zije. Hapa tunatumia gongo fupi lililo jepesi, mpira umewekwa juu ya kinara, kwanza mkono wa mbele, kisha wa nyuma. Mtoto akitumia kiganja tu, gongo linaanguka. Akigeuza kiwiliwili, mpira unatoka mlalo, kwa sauti ambayo wenzake wote wanageuka kuitazama.

Wazazi wenzangu mliotoka kwetu na sasa mnaishi huku, wengi wenu mmewaandikisha mabinti kwenye mchezo msioujua, na mnakaa kimya pembeni mkidhani hamna la kusaidia. Mnalo. Mnunulieni mtoto gongo analoweza kulinyoosha mbele kwa mkono mmoja bila kutetemeka, msimnunulie kubwa atakalolifikia akikua. Mpigeni video kwa simu kutoka upande wa kifua chake na mwacheni ajione mwenyewe. Akiwa kiwanjani mpeni neno moja tu, lilelile alilopewa na kocha wake siku hiyo. Na mwaka 2028 softiboli itakaporudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles, mechi zikichezwa Oklahoma City, kaeni naye mbele ya runinga, na kwa mipigo michache ya mwanzo msiutazame mpira. Tazameni bega la nyuma la mpigaji.